Wasiosoma Wanasikia Vizuri Kuliko Sisi

11 Januari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uko mzima, cherehani inakimbia na wateja hawakuchoshi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili na tayari ameyafanyia majaribio kwenye kidole changu.

Nimekupigia simu mara sita mwezi huu. Mara mbili ilipokelewa: nikasikia cherehani, nikasikia redio ya jirani, kisha ikakatika. Wifi yako anasema labda umechoka na sauti yangu, na yeye anajua anachosema. Basi nimeshika kalamu, na mwandiko wangu umeharibika hadi utadhani nimekuwa daktari.

Sababu hasa ya barua ni kwamba nina jambo la kujisifia. Unajua ofisi yetu inafanya utafiti wa afya. Wadodosaji, yaani wale vijana wanaokwenda nyumba kwa nyumba na maswali, wamepita kaya elfu tisa. Mimi sikupita hata moja. Mimi nilitunga maswali, nimekaa kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu, na safari yangu ndefu ilikuwa ya kufuata chai. Tunamuuliza mtu: una shida ya kuona? Ya kutembea? Ya kusikia? Hilo la kusikia ni swali la kumi na nne, na ninalipenda kuliko yote. Anachagua jibu moja: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa. Mwisho tunamuuliza amesoma mpaka wapi. Kisha naweka waliosoma upande huu, wasiosoma, yaani wasiofika sekondari, upande ule, na kupima pengo lililopo kati yao.

Kwa macho na miguu, pengo ni lile la huzuni tulilolitegemea. Wasiosoma wana shida karibu mara mbili ya waliofika sekondari. Lakini kwenye masikio, Dada, mambo yamegeuka. Wasiosoma wanasikia vizuri kuliko sisi. Nilihesabu mara tatu. Mkuu wangu wa idara alisimama, mtu ambaye hasimami hata kwa wageni. Maelezo nimeshayapata: sisi wasomi tumeyaua masikio yetu kwa vile vidude vya muziki, na maofisini mashine zinanguruma kutwa. Nimeandika kurasa nne juu ya hilo, nyingine nzuri sana.

Mwezi wa sita nitasimama na jedwali langu mbele ya wakubwa wa afya na elimu. Kulikuwa na mpango wa kuwapima masikio watoto wote wanaoanza shule. Sasa wanasema kama hali ndiyo hii, mpango huo uwekwe kando. Fikiria, mdogo wako anabadilisha mipango ya wakubwa, mtu asiyeweza kubadilisha balbu.

Je, vijana wangu walifika mtaani kwenu? Majina ni siri, hata mimi siyaoni.

Mdogo wako

*

9 Februari

Mdogo wangu, Mheshimiwa Mtaalamu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa kutafuta herufi. Sisi wazima. Shangazi goti linamsumbua lakini mdomo hauna shida yoyote, mwandike hivyo hivyo. Mimi nashona sare za shule tangu mwaka uanze. Nikifumba macho naona kola.

Simu uliyonipa ni nzuri, ila inakwaruza. Tena huwa iko kwenye droo pamoja na bobini, nikiitoa inatoka na uzi. Wewe andika tu. Barua nazipenda.

Mjukuu wangu Kibibi anakusalimu. Ameanza darasa la kwanza kwa mara ya pili. Mwalimu anasema hasikilizi, anakaa nyuma anatazama dirisha. Nyumbani hanipi taabu. Mimi na yeye tunaoneshana vitu kwa vidole na kazi zinakwenda.

Vijana wako walifika. Alikuja binti mmoja mpole, kitambulisho shingoni. Alinikuta kwenye cherehani, akauliza, nikajibu, akashukuru akaenda. Yalikwenda vizuri kabisa.

Juu ya masikio ya wasomi sina la kusema, mimi fundi. Ila kwa nini mnawauliza watu? Mimi nikimuuliza mteja kiuno chake, ananitajia kiuno cha mwaka aliooa. Simbishii. Nazungusha futi, nasoma, nakaa kimya. Ningeshona kwa maneno yao, mtaa mzima ungetembea umeshika suruali kwa mkono.

Dada yako

*

2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mtoto sasa anatambaa, na kitu cha kwanza alichokifikia ni rasimu ya ripoti yangu. Alikula ukurasa wa maelezo ya mbinu. Mkuu wa idara alipoisoma iliyobaki, hakugundua pengo.

Nimecheka sana kuhusu viuno. Lakini utafiti si suruali, Dada. Maswali yetu yamejaribiwa na watu wenye shahada ndefu kuliko majina yao. Hata hivyo umenikumbusha kitu: siku ya mkutano sina cha kuvaa. Nishonee suruali ya kijivu, ya heshima, yenye mkunjo mbele. Vipimo vyangu navijua kwa kichwa. Urefu inchi arobaini na moja, kiuno thelathini na mbili.

Hotuba naifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nimefika mahali ambapo mimi mwenyewe nakubaliana nami.

Kuhusu Kibibi, usiwe na wasiwasi. Watoto wa umri huo wana ndoto nyingi. Mwambie tu amsikilize mwalimu.

Mdogo wako

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukawia wiki zote hizi. Nikiulizwa nitasema ni sare, lakini sare zilikwisha zamani.

Suruali nimeituma leo kwa basi. Kiuno ni thelathini na mbili, kama ulivyojibu. Sikuacha akiba ya kitambaa ndani, maana mtaalamu hakosei.

Nilipokuwa naikata nilikumbuka kaptula yako ya kuanzia shule. Sijui kama unajua ilitoka wapi. Ilikuwa sketi yangu. Nilipotolewa darasa la nne, mama alinipa mkasi akasema isikae bure. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ufundi. Mguu wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, na wewe ukaivaa miaka miwili bila kulalamika. Wateja wangu wa leo wangekuja kujifunza adabu kwako.

Niliitwa shuleni kwa ajili ya Kibibi. Mwalimu mkuu aliongea huku anatazama makaratasi yake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka akubaliwe, kwa hiyo nikamkubalia. Nilitikisa kichwa, nikasema sawa mwalimu, nikatia sahihi alipoonesha kidole. Ni jirani yangu, yule anayefagia pale shuleni, aliyenieleza tukiwa njiani nilichokubali. Nimekubali Kibibi akae nyumbani mpaka mwakani, eti akili ikomae. Na kama haikukomaa, tutaona.

Sasa yuko hapa chini ya meza ya kukatia, anapanga vifungo kwa rangi na kwa idadi ya matundu. Hajakosea hata kimoja.

Ulisema nimwambie asikilize. Nimemwambia.

Dada yako

*

6 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima.

Suruali imefika. Ni nzuri mno. Inapanda mpaka mapajani bila neno, hapo inasimama. Nilivuta pumzi, nikalala kitandani, nikaomba msaada. Wifi yako aliacha kucheka kwa muda wa kutosha kunizungushia futi. Thelathini na saba. Dada, nilijidanganya kwa inchi tano, mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, bila mgeni wa kumwonea haya. Na ndiye mimi niliyewaamini watu elfu tisa waliojibu mlangoni mbele ya majirani.

Halafu nikarudia barua yako. Nilipofika pale kwenye sahihi nikaacha kucheka.

Jumapili tulikuwa tunatembea na wifi yako. Akaniuliza kwa nini kila mara namhama nikaenda upande wake wa kulia, hata pakiwa na matope. Nikasema ni mazoea ya nyumbani. Akauliza, mazoea ya nani? Nikaanza kukumbuka. Mama akiongea na wewe alikaa kulia kwako. Baba hakukuita kutoka mlangoni, alikuja mpaka mbele yako. Shangazi hadi leo anakugusa bega kwanza. Familia nzima tumejipanga upande wako wa kulia miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Na simu zangu sita, mimi nikalaumu mtandao.

Kikazi siruhusiwi kumuuliza mtu majibu aliyotoa. Nakuuliza kama mdogo wako. Yule binti alikuuliza nini, na wewe ulimjibu nini?

Mdogo wako

*

24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu leo fupi. Shangazi hajambo na goti lake.

Sijui aliniuliza nini. Hilo ndilo jibu.

Aliinamia kile kioo chake cha mkononi chenye maswali akasoma kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Midomo yake sikuiona, na mimi nasikiliza kwa midomo. Nikafanya ninavyofanya siku zote. Nilingoja ainue uso, kisha nikachagua. Watu wa maofisini wakija wanauliza mabaya: nani anaumwa, nani amekufa, nani amevunjika. Ukisema hapana hakuna anayekasirika. Nikasema hapana, hakuna, hapana, hakuna. Mwishoni aligusa daftari langu la vipimo na kunitazama, nikadhani ni mambo ya shule, nikamwonesha vidole vinne. Kwa hiyo kwenye jedwali lako mimi ni mwanamke wa darasa la nne mwenye masikio mazima. Na sidhani niko peke yangu humo. Aliyesoma akikosa kusikia anasema rudia, au anachungulia kioo asome mwenyewe. Sisi wengine tunatikisa kichwa.

Sikio la kushoto lilianza kutoa usaha nikiwa na miaka sita. La kulia likafuata, lakini lilibakiza kidogo. Darasa la pili nilikaa mbele na mwalimu alikuwa na sauti nene. Nilikuwa wa tatu. Darasa la nne wakatupanga kwa urefu, nikaenda nyuma. Kufika mwisho wa mwaka nikawa mjinga. Wewe unaandika kwamba asiyesoma anapata shida mwilini, na labda ni kweli kwa wengi. Lakini kuna ambao shida ilitangulia na ndiyo iliyowatoa shule. Hao hukuwauliza.

Kwa nini sikusema? Fundi asiyesikia, watu humfokea kama yuko upande wa pili wa bonde. Nilitaka waseme tu pindo langu ni zuri. Miaka arobaini nimecheka vichekesho ambavyo sikuvisikia, na wakati mwingine nimecheka kwenye matanga.

Kibibi nikimwita kwa nyuma hageuki. Nimejua tangu ana miaka mitatu. Nilinyamaza kwa sababu ningesema yake ningesema na yangu. Nimemtoa mtoto shule kwa kuona haya kutamka maneno mawili, sijasikia, rudia. Hilo halinitoki moyoni.

Jedwali lako fanya unavyoona. Najua ni mkutano mkubwa.

Dada yako

*

27 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mtoto amesimama peke yake kwa mara ya kwanza siku ile ile niliyokaribia kuanguka mimi. Wifi yako anasema nyumbani kwetu wima unagawiwa kwa zamu.

Barua yako ilinikuta nimebakiwa na wiki mbili. Nitasema ukweli: siku nzima ya kwanza nilitafuta njia ya kulinusuru jedwali. Nilijiambia mtu mmoja kati ya elfu tisa si kitu. Siku ya pili niliwapigia wadodosaji kumi na wawili nikawauliza walisomaje swali la kumi na nne. Wote walisema waliinamia kioo, kwa sababu mwongozo unasema wasome neno kwa neno bila kukosea. Mwongozo niliuandika mimi. Dada, nilitunga swali la kuwatafuta wasiosikia, nikaagiza lisomwe kwa sauti na mtu aliyeinamisha uso.

Nikaazima mashine hospitalini, ile ya kuvalisha masikioni inayotoa mlio mdogo, pamoja na muuguzi anayeijua. Tukaenda kukaa karibu na soko siku nne. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumuuliza mtu swali langu mwenyewe. Wa kwanza alidhani nauza dawa, wa pili akanipa pole. Tulipata waliosoma thelathini na wasiosoma thelathini. Kwa mdomo, nikiwa nimeinama, wasomi wanne walisema wana shida, wasiosoma wawili. Kwa mashine, wasomi watano. Wasiosoma, kumi na mmoja.

Siku ya mkutano nilivaa suruali yako. Wifi yako aliufumua mshono wa nyuma, nikafunga kiuno kwa pini na kuteremsha shati nje. Nilionesha jedwali, wakubwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mimi nikamaliza kwa kusema si la kweli. Nikasema tumepima nani alilisikia swali tukadhani tumepima nani ana masikio. Mwenyekiti akauliza nimejuaje, wakati kwenye ripoti nilikuwa nimelisifu kwa kurasa nne.

"Dada yangu yumo humo ndani," nikasema. "Tumemwandika kwamba anasikia."

Mkuu wa idara akakohoa mpaka akatoka nje. Nikawaonesha hesabu ya sokoni. Mzee mmoja wa elimu akasema watu sitini ni wachache, na kweli ni wachache. Mwingine akauliza mtoto asiyesikia anakaa wapi darasani, nikamwambia nyuma, kisha nyumbani. Hapo pini ikaachia. Nilimaliza hotuba nimeshika kiuno kwa mkono wa kushoto, mbele ya wakubwa wa wizara mbili, na ofisini sasa naitwa Pini.

Mpango wa kupima watoto haukupitishwa. Lakini pia haukufutwa, umewekwa kiporo mpaka turudie utafiti kwa kadi zenye maandishi na picha, na mashine. Kurudia nimepewa mimi, na safari hii nitatembea.

Naanza na mtaa wenu, tarehe kumi na nane Julai. Nakuja na muuguzi na mashine, na tutapita kwa mwalimu mkuu wote wawili. Wewe utaongea. Mimi nitamgusa bega ainue uso.

Miaka miwili nilikwenda shule nimevaa sketi yako, Dada, na sikuwahi kuuliza kwa nini ilikuwa haina kazi. Nisamehe.

Mdogo wako

*

30 Agosti

Mdogo wangu Pini,

Marahaba. Tangu uondoke sisi wazima. Shangazi analalamika kwamba mashine haikupima na goti.

Kibibi yuko darasani. Muuguzi wa hapa amemsafisha masikio wiki tatu mfululizo. La kulia limefunguka kiasi, la kushoto wanasema tusitegemee sana. Anakaa benchi la mbele, karibu na ukuta, na mwalimu akisahau akaongea na ubao, Kibibi ananyoosha mkono anasema rudia. Mwalimu alikuja kunishtakia kwamba mtoto anasumbua. Nilimwambia arudie, sikusikia. Akarudia kwa aibu, nikamwambia asante, hayo ndiyo malezi yangu. Siku hizi anatusalimu wa kwanza.

Mimi nimebandika karatasi juu ya cherehani: SIMAMA MBELE YANGU, NIONE MDOMO. Siku mbili za kwanza niliibandika na kuibandua mara nne. Sasa imezeeka, ina alama za chaki. Mteja mmoja ameacha kuja. Wengine wameacha kupiga kelele, na kumbe vichekesho vyao vingi havikuwa na maana, sikukosa mengi.

Suruali yako nimeitia kipande cha kitambaa na kuipanua. Nilikupima mwenyewe ulipolala kwenye kochi baada ya chakula. Ni thelathini na nane. Wifi yako asijue, atafurahi mno.

Umesema jina langu ni siri na jibu la zamani halifutwi, litabaki humo miaka yote, mwanamke asiye na shida. Basi nijibu hapa kwa mkono wangu, uliweke hata kwenye droo yako.

Swali la kumi na nne, kusikia: shida kubwa.

Swali la mwisho, nimesoma mpaka wapi: darasa la nne. Andika na pembeni kwamba nilikuwa wa tatu mpaka waliponipeleka nyuma.

Dada yako